Uzi wa vinanda vya prog ya miaka ya 70: jinsi chombo kilivyomwamulia mpigaji noti za kupiga

Kinanda_Cha_Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Prog ya Waingereza (roki ya "progressive") ya miaka ya 1970 husifiwa kwa mambo mawili tu: ni ndefu na ni ngumu. Genesis, Yes, Emerson Lake & Palmer, King Crimson, Van der Graaf Generator, wote huwekwa kapu moja. Sifa hizo hazimsaidii mtu kusikia. Anayetaka kuonja vinanda vya muziki huu aanze na swali moja: chombo kilichokuwa mbele ya mpigaji kilimruhusu nini, na kilimnyima nini? Noti nyingi zinazotushangaza zimetokana na kile alichonyimwa.

Naanza na organi ya Hammond, maana ndiyo uti wa mgongo. B-3 na C-3 ndani ni mtambo uleule, tofauti ni kabati. Kuna magurudumu 91 ya chuma yanayozunguka mbele ya sumaku, na kila gurudumu linatoa toni yake. Ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole, sauti inatoka sawa kabisa. Kwa hiyo mpigaji wa Hammond hana njia ya kukaza noti moja kwa kidole kama mpiga piano. Anabaki na njia nne: pedali ya sauti kwenye mguu wa kulia, spika ya Leslie inayozunguka, urefu wa noti, na kile kitu kinachoitwa paskasheni.

Paskasheni ni mlio mfupi wa "tok" mwanzoni mwa noti. Siri yake ni kwamba hauji tena mpaka vitufe vyote viwe vimeachiwa. Ukiunganisha noti kumi bila kuinua mkono, "tok" utaipata kwenye ya kwanza tu. Sasa sikilizeni Keith Emerson, mpiga vinanda wa Emerson Lake na Palmer, kwenye mistari yake ya kasi. Ukisikia kila noti ina "tok" yake, ujue anainua kidole kabla ya kushusha kinachofuata, kwa kasi ileile. Hiyo ni kazi ngumu mara mbili ya kuunganisha. Na ukisikia "tok" moja halafu noti zinateleza, ujue ameamua sentensi iwe moja. Ni kama mtu anayechagua mahali pa kuvuta pumzi.

Kwa wenye programu ya Hammond kwenye kompyuta, pa kuanzia ni hapa: vishikio vya kuvuta viko 9, kila kimoja kina ngazi 0 hadi 8. Vuta vitatu vya kushoto mpaka 8, sita vilivyobaki viache 0. Washa paskasheni, chagua ya tatu, na ufifiaji wa haraka. Usishangae kishikio cha tisa kikiwa hakitoi sauti. Kwenye B-3 halisi paskasheni ikiwashwa hutumia nyaya za kishikio hicho.

BintiSolfa

Asante mkuu kwa uzi. Swali la vitendo. Vinanda vingi vya makanisani huku kwetu ni vile vya vitufe 61 vyenye sauti zilizopangwa tayari. "Tok" hiyo inapatikana humo?

Kinanda_Cha_Juu

Dada, inapatikana nusu. Kwenye orodha ya sauti kuna organi kadhaa, na mara nyingi moja imerekodiwa pamoja na paskasheni. Tatizo ni kwamba hapo "tok" hutoka kwenye kila noti, hata ukiunganisha, kwa hiyo tofauti niliyoieleza inapotea. Bado unaweza kujizoeza mkono. Fanya hivi:

Zima usikivu wa nguvu ya kidole, ili kitufe kitoe sauti moja daima. Zima mwangwi, kwa sababu mwangwi unaficha mapengo kati ya noti, na mapengo hayo ndiyo unayoyasoma. Chomeka pedali ya sauti kama kinanda kina tundu lake; ile ya kushikilia noti iweke mbali kabisa, Hammond haina kitu hicho. Halafu piga skeli ya C kwa mkono wa kulia mara mbili: mara ya kwanza noti zikigusana, mara ya pili kila noti ikiwa nusu ya urefu wake. Mara ya pili ikianza kuyumba, punguza mwendo. Mkono wa mpiga piano huyumba hapo kwa sababu umezoea uzito wa kitufe, na kitufe cha organi ni chepesi.

Leslie nayo ina jambo lake. Ndani kuna tarumbeta ya sauti za juu na pipa la sauti za chini, vinazunguka kinyume. Ukibadilisha kutoka mwendo wa polepole kwenda wa kasi, tarumbeta inashika mwendo haraka na pipa linachelewa kwa sekunde kadhaa kwa sababu ni zito. Ule mpando unaousikia kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ikishikiliwa mwishoni mwa sentensi ni pengo hilo kati ya vile viwili. Wapigaji wazuri wanabonyeza swichi kabla ya kilele, ili mwendo ufike pamoja na kilele.

Mchele_na_Nazi

Mimi najua Emerson ndiye yule aliyekuwa anaipiga organi visu. Sasa ustadi huo wa "tok" aliupigia kwenye organi iliyovunjika?

Kinanda_Cha_Juu

Zilikuwa organi mbili, mkuu. Ile aliyoichoma visu na kuiburuza jukwaani ni L-100, ndogo na nyepesi. Kazi ya vidole aliifanyia C-3. Na visu vilikuwa na kazi ya muziki pia: kikipachikwa katikati ya vitufe, noti inabaki imeshikiliwa na mikono yote miwili inakuwa huru.

Alikuwa na mbinu nyingine ya kuzima mota organi ikiwa inalia. Magurudumu yanapungua mwendo na toni yote inaporomoka. Kwa wenye Hammond ya magurudumu: hilo halidhuru, lakini kuirudisha kuna utaratibu. Shikilia swichi ya kuanzisha kama sekunde 8, bila kuiachia washa ya kuendesha, subiri sekunde 4 hivi, ndipo uachie ya kwanza. Mota ya kuendesha haiwezi kuanza yenyewe kutoka kusimama. Ukifanya haraka, organi inabaki bubu na watu wanadhani imeungua.

FundiTepu

Niongeze chombo ambacho watu wanakikosea kila siku: Mellotron. Hicho si sinthesaiza. Hakuna umeme unaotengeneza sauti humo. Kila kitufe kina utepe wake wa sumaku uliorekodiwa fidla, filimbi au kwaya ya kweli. Mfano wa M400 wa mwaka 1970 una vitufe 35 na tepu 35, kila utepe una upana wa inchi 3/8, na njia tatu za sauti. Ukibonyeza, utepe unabanwa kwenye ekseli inayozunguka na kupita kwenye kichwa cha kusomea. Ukiachia, springi inaurudisha.

Utepe unadumu takriban sekunde 8. Baada ya hapo, kimya. Mwanzisha uzi kauliza chombo kilimnyima nini mpigaji. Hapa jibu ni hizo sekunde 8.

Sikilizeni mwanzo wa "Watcher of the Skies" ya Genesis, 1972. Tony Banks, mpiga vinanda wao, yuko peke yake na Mellotron. Kodi mbili za kwanza zina F# ileile chini: juu yake B kubwa yenye ya saba kubwa (B, D#, F#, A#), kisha C# kubwa (C#, E#, G#; E# ni kitufe cha F). Banks ameeleza kwamba kodi hizo zilipendeza kwenye chombo hicho kwa sababu ya tatizo lake la toni. Kwenye piano ya kawaida kodi zilezile ni nzuri tu. Kwenye Mellotron, kila utepe ukiwa juu au chini kwa unywele mmoja, zinakuwa kama ukungu unaosogea.

Mwenye sampuli za Mellotron (sauti zake zilizorekodiwa kwa ajili ya kompyuta) ajaribu hivi. Kwanza hakikisha sampuli haijirudii yenyewe, ikijirudia, zima. Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) 60, ili pigo moja liwe sekunde moja. Jipe sheria kwamba hakuna kidole kinachokaa chini zaidi ya sekunde 6. F# ya chini ipige upya kwenye sekunde 0, 6, 12. Vidole vya juu viachie na kuvirudisha kimoja kimoja kwenye sekunde ya 3, 4, 5, kisha 9, 10, 11. Hapo kodi haifi, na inapumua kama watu wengi wanaobadilishana pumzi.

Makosa ya kawaida ni haya. Ukirudi kwenye kitufe kabla utepe haujarudi wote, noti inaanzia katikati, haina ule mkwaruzo wa mwanzo wa fidla, na muda uliobaki ni mfupi. Ukibonyeza kwa woga, utepe haubanwi sawasawa na toni inatetemeka. Ukibonyeza vitufe vingi mno, mota inalemewa na kila kitu kinashuka kidogo. Noti tatu au nne zinatosha. Kwenye chombo halisi, kitufe kimoja kikitetemeka wakati vingine viko sawa, kosa liko kwenye skrubu za kitufe hicho, moja ya kibanio na moja ya pedi. Kaza kwa robo mzunguko, sikiliza, kisha endelea.

Duru9

Mmeeleza sauti vizuri, sasa twende kwenye mapigo. Humo ndimo Banks ananikosha kuliko wote, hata kuliko Emerson.

"Supper's Ready" ya Genesis, 1972, sehemu inayojulikana kwa jina la Apocalypse in 9/8. Besi na dramu wanashika duru ya mapigo tisa iliyogawanywa 3+2+4, besi ikicheza noti tatu tu: E, F#, B. Juu yake Banks anapiga solo ya organi, na kuna mahali anaacha tisa yao na kupiga kwa 4/4, pengine 7/8. Asiyejua husikia fujo iliyopangika. Ukijua, unaweza kuhesabu: 4/4 ina nusu-pigo 8, duru ya chini ina 9. Wakianza pamoja na kila mmoja akabaki kwake, watakutana tena baada ya 72, yaani duru 8 za tisa dhidi ya duru 9 za nane. Katikati yote hapo hakuna pigo la kwanza la pamoja. Ndiyo maana kifua kinabana unaposikiliza, na ndiyo maana kodi kubwa inayokuja baadaye inafungua kila kitu.

Namna ya kujifunza kusikia: rudia sehemu hiyo mara tatu. Mara ya kwanza piga meza kwa besi tu, "moja-mbili-tatu, moja-mbili, moja-mbili-tatu-nne". Mara ya pili iache meza, fuata organi tu. Mara ya tatu piga besi kwa mguu na imba organi. Ukipotea usirudi mwanzo, sikiliza noti ya E ya besi ikirudi na ujiunge hapo.

Pwani_Sita_Nane

Duru9 umenigusa. Masikio ya pwani yana mtaji hapa. Chakacha ya 6/8 inakulea na tatu na mbili kwa wakati mmoja tangu utotoni, mwili unajua bila kuhesabu. Tofauti ninayoisikia ni kwamba kwenye chakacha tatu na mbili zinakutana kila duru, kwa hiyo kiuno kina mahali pa kutua. Hawa wanakunyima mahali pa kutua mpaka 72. Ushauri kwa wenzangu wa ngoma: msitafute pa kuchezea, tafuteni kamba ya besi na mshike hiyo.

BintiSolfa

Na piano ya mwanzo wa "Firth of Fifth" ya Genesis? Nota zake zinaonyesha 2/4, 13/16, 15/16. Hesabu ya kawaida ya mguu haifiki popote.

Duru9

Haifiki kwa sababu mguu unahesabu noti za robo, na 13 haigawanyiki kwa 4. Ukiweka metronomu kwenye robo, baada ya duru moja ya 13/16 inakuwa imekuacha kwa moja ya kumi na sita, na kuanzia hapo inakupotosha.

Weka metronomu kwenye moja ya kumi na sita yenyewe. Metronomu nyingi za springi zinaishia 208 kwa dakika, kwa hiyo anza na 200. Hiyo ni sawa na robo 50 kwa dakika. Zima kengele ya pigo la kwanza. Sasa fikiria hivi: 2/4 ni nane. 13 ni nane na tano. 15 ni nane na saba. Kila duru ni nane uliyoizoea iliyoongezewa mkia, na kazi yako ni kujua mkia gani unakuja. Andika namba ya mkia juu ya kila duru kwa penseli: 0, 5, 7.

Mkono wa kulia una mtiririko wa noti zinazovunja kodi bila kusimama, na kishawishi ni kuufanya uwe mnene. Banks anauweka mwepesi ili noti ndefu za kushoto ndizo zibebe wimbo. Ukiupiga wote kwa nguvu moja, inakuwa mazoezi ya vidole. Tatizo hilohilo lilimkuta jukwaani: alikuwa na RMI Electra-Piano, piano ya umeme isiyosikia nguvu ya kidole. Utangulizi huo uliachwa kwenye maonyesho ya baadaye. Kwenye rekodi ya 1973 ni piano kubwa halisi.

Mchele_na_Nazi

Mimi bado nasema nusu ya mambo haya ni mbwembwe za watu waliosoma piano ya kizungu. Emerson kwenye "Tarkus" anakimbia tu.

Kinanda_Cha_Juu

Sikiliza mkono wa kushoto, mkuu, si wa kulia. Mwanzo wa "Tarkus", 1971, umejengwa kwa duru ya mapigo 10 inayorudiwa na mkono wa kushoto, na kodi za kulia zimepangwa kwa hatua za nne badala ya hatua za tatu tulizozoea kwenye nyimbo za dini. Kodi za nne hazisemi "nimefika nyumbani". Zinaacha mlango wazi, kwa hiyo anaweza kuzihamisha popote bila kuomba ruhusa ya skeli. Kasi ni ngozi tu ya nje.

Ukitaka kuthibitisha, punguza mwendo wa rekodi mpaka nusu. Muziki wa mbwembwe ukipunguzwa mwendo unabaki mtupu. Huu ukipunguzwa unazidi kueleweka. Na ukitaka kuupiga, kaa na mkono wa kushoto peke yake mpaka uweze kujibu maswali ya mtu ukiwa unaupiga. Mkono wa kulia ukiongezwa mapema, wa kushoto hujipindisha kuufuata na mapigo 10 yanageuka 8 bila wewe kujua.

Nakubaliana na wewe jambo moja: zipo dakika kwenye albamu zao ambazo zimejazwa ili zijae. Ila si hizi.

Mguu wa Besi

Hakuna aliyemtaja Hugh Banton, mpiga organi wa Van der Graaf Generator, na ni kosa. Mpiga besi wao alipoondoka mwaka 1970, Banton alichukua besi kwa miguu, kwenye pedali za organi. Sikilizeni "Pawn Hearts" ya 1971 mkijua hilo. Mikono miwili ina kazi yake na miguu ina wimbo wake wa besi unaotembea. Mpiga organi wa kanisani ataelewa uzito wa jambo hilo haraka kuliko mpiga gitaa. Kwenye Hammond halisi pedali ya sauti nayo inataka mguu wa kulia, kwa hiyo besi yote inaangukia mguu wa kushoto, na mistari inaandikwa ili mguu mmoja uiweze: noti za jirani, kidole na kisigino, miruko michache.

Na kwa wanaopenda organi ya mabomba: katikati ya "Close to the Edge" ya Yes, 1972, ile organi kubwa ya Rick Wakeman ilirekodiwa kanisani, St Giles-without-Cripplegate, London. Sauti inachelewa kuzimika kwa sababu jengo lenyewe linalia. Ndiyo maana hapo anapiga kodi pana na polepole, yeye ambaye kwingine anamwaga noti kama mvua ya masika.

Kijana_wa_Filta

Naomba msaada wa Moog. Nina programu inayoiga Minimoog, yaani sinthesaiza yao ndogo, najaribu kupiga mitetemo ya noti mbili kama ya Wakeman, inatoka tofauti kabisa.

FundiTepu

Nahisi programu yako imewekwa "noti ya mwisho ndiyo inayolia". Minimoog ya kweli, vitufe 44, inatoa noti moja tu kwa wakati, na ukishika mbili inalia ya chini. Ukishika ya chini na kugonga ya juu, hupati kitu. Lazima ushike ya juu na kugonga ya chini: inashuka, ukiachia inarudi juu. Vidole vinafanya kazi kichwa chini miguu juu ukilinganisha na piano.

Pia filta (kichujio cha sauti) haianzi upya mpaka uachie vitufe vyote, kama vile paskasheni ya Hammond. Kwa hiyo weka: sauti moja, kipaumbele noti ya chini, kuanzisha mara moja. Osileta (vyanzo vya sauti) ya kwanza na ya pili ziwe toni moja, kisha ipinde ya pili kidogo mpaka usikie wimbi likipita mara moja hivi kwa sekunde. Ya tatu ishushe oktavu moja. Ukipinda zaidi, noti za juu zitasikika kama zimetoka kwenye toni, na hakuna kidole kitakachookoa.

Gurudumu la kupinda toni liko kushoto. Mkono wa kushoto ukiwa hapo, hauwezi kushika kodi kwenye organi. Ndiyo sababu solo nyingi za Moog za wakati huo zina kodi zilizoachwa kwa gitaa, au hazina kodi kabisa.

Bandari_Salama

Swali la pembeni. Hammond ya Marekani ikiletwa huku, transfoma ya kushusha 230 kwenda 110 inatosha?

FundiTepu

Haitoshi. Transfoma inarekebisha volti tu. Mota ya Hammond inafuata mizunguko ya umeme: Marekani ni 60 kwa sekunde, kwetu Tanzania na Kenya ni 50. Organi itawaka, itapiga vizuri, lakini toni itashuka nusu-toni tatu na kidogo. Ukibonyeza C inatoka A iliyo chini kidogo, kwa hiyo hata ukihamisha ufunguo bado hutaendana na gitaa. Leslie nayo itazunguka polepole. Unahitaji kifaa cha kugeuza 50 kuwa 60, chenye wimbi laini, na wati zake zizidi jumla ya organi na Leslie. Au tafuta iliyotengenezwa kwa soko la 50. Mafuta yake ni maalumu, mara moja kwa mwaka kwenye vikombe vyake. Usimimine mafuta ya cherehani wala ya gari, yanaganda kwenye nyuzi zinazopeleka mafuta na magurudumu yanakwama.

BintiSolfa

Nimemaliza zoezi la mikia 0, 5, 7. Kipande hicho cha "Firth of Fifth" kinarudi tena katikati ya wimbo kwa chombo kingine. Ni kipi?

Duru9

Sinthesaiza ya ARP Pro Soloist, dada. Vitufe 37, sauti 30 zilizopangwa tayari, noti moja kwa wakati. Safari hii bendi nzima iko chini yake. Mtiririko uleule uliokuwa wa mikono miwili kwenye piano sasa unabebwa na mstari mmoja, kwa hiyo kodi zimehamia kwa wengine. Chombo hicho kinasikia mgandamizo: kitufe kikiwa tayari chini, ukikikandamiza zaidi unaweza kupata mtetemo au mng'ao. Weka piano ya mwanzo kwenye sikio moja na sehemu hiyo kwenye sikio jingine, kwa vipokea sauti viwili kama unavyo, na ufuate noti zilizoshikiliwa tu. Kwenye piano zinafifia. Kwenye ARP zinakua.